Kopo Lililotoka Zahanati

Albina alikuwa mtu wa hasira tangu usichana wake, na hakuwahi kuona sababu ya kuificha. Wenzake katika zahanati moja ndogo pembezoni mwa mji wa Sumbawanga walizoea kumsikia akigombana na mlango uliogoma kufungwa, na kuni mbichi, na akina mama waliokuja kliniki wamesahau kadi. Lakini akina mama hao hao, uchungu ukishaanza, walimwulizia yeye. Alikuwa amefanya ukunga miaka ishirini na miwili, na mikono yake ilikuwa na upole ambao mdomo wake haukuujua.

Mwaka huo wa tisini na mbili, mambo yalikuwa yamefunguliwa. Watu ambao miaka michache nyuma walipanga foleni kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni, sasa walikuta sokoni sabuni za kila rangi, na mitumba, na redio, na biskuti zilizopitia mpakani Tunduma. Kila mtu alikuwa akiuza kitu. Ndipo siku moja akaja bwana mmoja mwenye gari safi na shati jeupe, akashusha katoni za makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Alileta na saa ya ukutani, na kalenda yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Makopo, alisema, ni zawadi kwa akina mama wasio na maziwa.

Eustaki, mganga wa zahanati, alimpokea kama shemeji. Albina hakumpenda yule bwana, ila ukuta wa chumba cha kliniki ulikuwa mtupu na lipu inabanduka, basi akachukua msumari na jiwe, akaitundika kalenda yeye mwenyewe. Baada ya siku chache zikaja habari kwamba mama yake amefariki kule Mwazye. Akaenda kuzika, akakaa mwezi mzima.

Siku ya kwanza ya kliniki baada ya kurudi, alimpokea Getruda wa Milanzi, binti wa miaka kumi na tisa aliyejifungua mtoto wake wa kwanza wiki nne nyuma. Mtoto alikuwa wa kike, jina lake Luciana. Albina alimning'iniza kwenye mzani, akasoma, akamshusha, akampandisha tena kwa sababu hakuamini. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Utosi ulikuwa umebonyea, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imekunjamana. Anaharisha, alisema Getruda, siku ya tatu leo. Kisha akatoa kwenye kikapu chupa ya plastiki yenye chuchu ya mpira, ndani mna kitu cheupe chepesi kama maji ya kuoshea mchele.

Albina aliuliza ni nani aliyemwambia ampe mtoto hiyo. Getruda aliangalia miguu yake tu.

Albina hakuhitaji jibu. Alimfahamu mama mkwe wa binti huyo, Evodia, mmoja wa wazee wa Ufipa waliokuwa wakimwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, chini wakisema ni uchafu, na alishagombana naye kwa jambo hilo miaka mingi iliyopita. Akakoroga pakiti ya dawa ya kuharisha katika maji yaliyochemshwa, akaanza kumnywesha mtoto kwa kijiko. Kliniki ilipokwisha alichukua pakiti nyingine tatu na kuongozana na Getruda hadi Milanzi, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia yule bibi.

Aliyasema yote mlangoni, kabla hajakaribishwa kiti. Evodia alikuwa anapepeta ulezi uani. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akaweka ungo chini.

"Kaa kwanza upoe, nesi," alisema. "Mimi nimezaa tisa, na wote nimewanyonyesha kwa maziwa yangu haya. Huyu binti alikuwa na maziwa. Siku ya nne yalimjaa mpaka akashikwa na homa, chuchu zikapasuka, akawa analia kila akimpakata mtoto. Nikamwambia asiache kumnyonyesha. Akaenda kwenu kutafuta dawa ya vidonda, akarudi na kopo. Mganga amemwambia maziwa yake hayafai, mtoto atakufa njaa. Nilipobisha, mwanangu Obed akaniuliza nimesomea wapi. Kopo lilitoka kwenu."

Albina akakaa. Aliomba alione lile kopo, akaletewa. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na Getruda aliishia darasa la saba. La kwanza alipewa bure. Lilipokwisha, maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka, na Obed akanunua la pili dukani. Ili lidumu, Getruda alikuwa akitia kijiko kimoja katika chupa nzima, na maji hakuyachemsha kila mara, maana kuni zilikuwa mbichi.

Albina alikaa pale mpaka jua linazama, akimnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko. Luciana alipokojoa, Evodia ndiye aliyeona kwanza, akasema asante kwa Kifipa, na haikujulikana anamshukuru nani.

Asubuhi Albina aliingia zahanati bila kumwamkia mtu. Akaikamata ile kalenda na kuivuta, ikachanika, msumari ukadondoka na kipande cha lipu. Eustaki akatoka chumbani kwake.

"Umempa kopo binti mwenye vidonda vya chuchu," Albina alisema. "Alitakiwa aonyeshwe namna ya kumweka mtoto, basi."

"Ulikuwa Mwazye," Eustaki alisema. "Nilikuwa peke yangu, foleni imefika barabarani. Ulitaka nimshike titi mimi?"

"Ungemrudisha kwa mama mkwe wake. Hata kunyamaza kungetosha."

"Zama zimebadilika, Albina. Mambo sasa ni ruksa. Mtu anachagua anachotaka."

"Wewe mganga umemwambia maziwa yake hayafai. Hapo amechagua nini?"

Eustaki alipoulizwa amewapa makopo akina mama wangapi, alisema hakumbuki. Basi Albina akafungua daftari la wazazi, akaandika kwenye karatasi majina ya wote waliojifungua mwezi ule asiokuwepo, na kila jioni akawa anawafuata majumbani. Wengi aliwakuta salama, wananyonyesha, kopo limewekwa juu ya kabati kama pambo. Wengine wawili walikuwa wamepunguza kunyonyesha, nao akawarudisha kabla mambo hayajaharibika.

Wa mwisho alikuwa Shija, mwanamke wa Kisukuma ambaye ukoo wao ulihamia na ng'ombe, wakajenga mbali na barabara. Shija alimpokea kwa heshima, akampa kigoda. Hakukuwa na mtoto. Walikuwa wamemzika majuma mawili nyuma, kwa kuharisha. Kopo lilikuwepo, limeoshwa likang'aa, wanahifadhia chumvi. Uani ng'ombe wa kukamwa walikuwa wamefungwa, na Shija mwenyewe, alipoinama kumtengea mgeni maji, kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

Albina alitembea kurudi mjini bila kuhisi upepo, na upepo wa Ufipa mwezi wa saba si wa kupuuza. Alimkasirikia Eustaki, na yule bwana wa shati jeupe, na Obed na usomi wake. Halafu hasira ikamfikia yeye mwenyewe, na hapo ikakaa muda mrefu. Yeye ndiye aliyeitundika ile picha. Kila mama aliyeingia kupima mtoto aliiona juu ya kichwa cha nesi.

Kazi ya kumrudishia Getruda maziwa, iliyokuwa ikiendelea siku hizo hizo, ilichukua siku kumi na saba. Jambo lililomuudhi Albina kuliko yote ni kwamba kopo halikuweza kutupwa. Mtoto asingeishi kwa maneno wakati maziwa ya mama hayapo. Basi akalipima yeye, kijiko kwa kijiko, kama maandishi yalivyotaka, katika maji yaliyochemka, na akamnywesha Luciana kwa kikombe kidogo. Chupa aliichukua akaichoma.

Lakini kabla ya kikombe, kila mara, mtoto aliwekwa kwanza kwenye titi. Albina alimkalisha Getruda mgongo umeegemea ukuta, akamgeuza mtoto mzima mzima, tumbo kwa tumbo, kidevu kiguse titi. Alimwonyesha kungoja mtoto apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo amvute karibu kwa haraka, ili ashike na ile sehemu nyeusi, asitafune chuchu peke yake. Chuchu zilipasuka kwa sababu hiyo tu, alimwambia. Hakuna aliyemwonyesha. Alimfundisha kujikamua kwa vidole, kupaka tone la maziwa yake mwenyewe kwenye vidonda na kuyaacha yakauke, na kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi mchana kutwa. Evodia alipika uji wa ulezi na maharage, akabeba maji na kuni, akawafukuza wageni.

Siku tano hapakutoka kitu. Getruda alilia, akasema mganga alisema kweli.

"Mganga hana maziwa, atajuaje?" Albina alisema, kwa ukali uliomfanya binti acheke huku machozi yakimtoka.

Siku ya sita likatoka tone moja. Baada ya hapo Albina akawa anapunguza kikombe kidogo kidogo, huku akihesabu nepi zilizolowa. Obed, aliyekuwa akipita uani kama mgeni, alikuja akasimama mbele ya mama yake na kusema shikamoo kwa sauti ambayo hakuitumia tangu aoe. Siku ya kumi na saba kikombe kikawekwa kabatini. Wiki iliyofuata mzani ulionyesha kwamba mtoto amepita uzito wa kuzaliwa, na Albina akaurudia tena, safari hii kwa raha yake mwenyewe.

Makopo yaliyobaki kabatini aliyabeba kwenye gunia mpaka ofisini kwa wakubwa wa Eustaki, akayapanga mezani, akasimulia habari ya Shija. Walimsikiliza. Mwezi uliofuata makopo hayakuletwa tena, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Ila barua ilikuja kwa Albina. Ilisema ana lugha isiyofaa mahali pa kazi, na kwamba anahamishiwa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika.

Alishuka ziwani na godoro lake na masufuria mawili, mtu wa baridi aliyetupwa kwenye joto, na mwaka wa kwanza aligombana hata na mbu. Akina mama wa kule walimwogopa kwa mwezi mmoja hivi, kisha wakaanza kumwulizia yeye. Huku nyuma, habari zilimfikia kwamba Milanzi mzazi akipata shida ya kunyonyesha anaitiwa Getruda, na kwamba Getruda naye amekuwa mkali.

Baada ya miaka minne alipanda Sumbawanga kwa arusi ya mpwa wake, akakutana na Eustaki nje ya kanisa. Mganga alikuwa amezeeka haraka. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema nyakati zile walikuwa hawajui, wote walidanganywa. Alionekana anangoja kuambiwa yamekwisha.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia kinacholetwa, na sikuangalia," Albina alisema. "Wewe uliambiwa na yule bibi wa Milanzi, Evodia. Alikuja zahanati kukwambia binti ana maziwa, ukamfukuza. Amenieleza mwenyewe."

Eustaki akauachia mkono. Albina akavuka barabara kwenda kuwasaidia waliokuwa wanateremsha masufuria ya arusi, na kwa kuwa waliyashika vibaya, akawagombeza.