Mvua Iliyotakiwa na Watu wa Barafu

Miaka ile ya Zaire nilikuwa fundi wa maabara ya kemia kwenye chuo kikuu, Kisangani. Cheo kilikuwa hicho, lakini kazi yenyewe zaidi ilikuwa kuosha vyombo. Wanafunzi waliniita citoyenne, yaani raia, kama Chama tawala kilivyoagiza, mbele ya mkuu wetu, na mama tulipokuwa peke yetu. Mkuu alikuwa mtu wa Maniema kama mimi, mpole, na alivaa suti ileile ya abakosti, ya kijivu, isiyo na tai, tangu Jumatatu mpaka Ijumaa.

Siku moja alirudi kutoka posta na barua ya rafiki yake aliyesoma naye Ulaya, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kupima barafu. Si barafu ya friji. Ni ile ya kwenye ncha za dunia, ambako theluji huanguka juu ya theluji bila kuyeyuka, mwaka baada ya mwaka, mpaka inakandamizana na kuwa ngumu kama jiwe. Wanaitoboa kwa keekee ndefu na kutoa vigogo vya barafu, kisha wanavikata na kutafuta ndani yake kile kilichokuwa hewani theluji ilipoanguka: vumbi, chumvi ya bahari, moshi, asidi. Mkuu alinieleza kwamba vitu hivyo ni vichache mno, hata pumzi ya mpimaji inaweza kuharibu kipimo.

Walikuwa wamekuta asidi mbili. Moja ni ile ya siki. Nyingine Wafaransa wameipa jina la sisimizi, kwa kuwa ndiyo inayomwasha mtu akiumwa na wadudu hao. Hawakujua zilitoka wapi. Huenda misituni, huenda kwenye nyasi zinazochomwa kiangazi. Kwa hiyo walitaka mvua kutoka katikati ya msitu mkubwa ili walinganishe. Mkuu aliikunja barua, akatazama huku na huku maabarani, akaniona mimi.

Faneli kubwa ya plastiki iliwekwa juu ya paa, ikafunikwa. Mvua ikianza, nilipaswa kupanda ngazi, kuvaa glavu na kuifunua. Ikiisha, niyamimine maji katika chupa niliyoiosha mara kumi, nitie matone mawili ya klorofomu ili vijidudu visile zile asidi, kisha niandike daftarini saa, upepo, na kama kulikuwa na moshi karibu. Kila baada ya miezi michache mkuu alitafuta msafiri wa kubeba sanduku la chupa mpaka Kinshasa, na kutoka huko lilipanda ndege ya Ulaya. Na kwa kuwa mvua haifuati saa za kazi, alinipa faneli ya pili niiweke nyumbani kwangu, Kabondo, juu ya nguzo mbali na jiko.

Bwana yangu ndiye aliyechimba shimo la ile nguzo. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko, lakini yeye hakupenda mto. Alipenda injini, akawa shoferi wa lori. Aliniuliza mara moja tu kama Wazungu hawana mvua yao wenyewe. Nikamweleza. Akasema sawa, akashindilia udongo kwa kisigino.

Alikufa msimu uleule, njia ya Bengamisa, daraja la miti lilipovunjika chini ya lori lililojaa mchele. Tonton, mjomba wake, ambaye alikuwa amekaa naye mbele, alitoka na mkono uliovunjika. Ndiye aliyekuja kuniambia. Nilikuwa maabarani, nasugua chupa. Nakumbuka nilimaliza ile niliyoishika, nikaisuuza, nikaipindua ikauke, ndipo nikavua koti la kazi.

Watu walisubiri nilie. Nilikaa kwenye mkeka, kichwa wazi, miguu bila viatu, kama inavyotakiwa, na shangazi zake walikaa kushoto na kulia wakilia kwa zamu. Nilitazama midomo yao. Nilisikia yote waliyosema na nikajibu nilipoulizwa, lakini ilikuwa kama wanazungumza ng'ambo ya mto na mimi niko Lubunga, ukingo wa pili. Mkuu alikuja kutoa pole. Aliniambia nisifikirie kazi, mvua ingesubiri.

Siku ya tatu ya matanga, alasiri, mawingu yalipanda upande wa mto Tshopo. Ilikuwa haijanyesha kwa karibu wiki tatu. Mvua ya kwanza baada ya ukavu ndiyo inayobeba mengi zaidi. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mara nyingi hata likawa jambo la mwili, kama kujua kwamba maji yanachemka kwa sauti ya sufuria. Tone la kwanza lilipogonga bati, nilisimama.

Sikukata shauri. Nilijikuta tu nimo chumbani, navaa glavu. Nilipotoka, ua wote ulinigeukia. Wanawake waliokuwa wakikimbiza vyungu chini ya baraza walisimama navyo mikononi. Nilipita katikati yao mpaka kwenye nguzo, nikafunua faneli, nikabaki hapo kwenye mvua, kwa kuwa nilikuwa sina pengine pa kwenda.

Shangazi mkubwa alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba sasa wameona kilichomuua mtoto wao: mke anayeweka dawa juu ya mti. Mwingine akasema nivuliwe hizo nguo za mikono na nirudishwe kwenye mkeka. Mama mkwe wangu aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imechanjwachanjwa na miiba ya samaki. Alijifunika kitenge kichwani, akanifuata kwenye nguzo.

"Juu ya nini unasimama hapa, sababu gani?" aliniuliza.

"Iko kazi, mama."

"Kazi ya nani?"

Nikamweleza, mvua ikitumiminikia sote wawili. Nilimwambia kuna nchi ambako mvua inaanguka ikiwa imeganda na haiyeyuki tena, na kila kilichokuwa hewani siku ile kinakaa ndani yake. Watu wanakichimba na kukipima. Wanataka kujua kama kuna kitu kimetoka kwetu.

Aligeuka akatazama uani, ambako mioto ya kuni ilikuwa ikifa kwa maji na kutoa moshi mzito mweupe uliotambaa chini mpaka miguuni petu.

"Na hii moshi ya matanga, itafika kule?"

"Sijui, mama. Labda kidogo sana."

"Kidogo ya namna gani?"

"Ya kutoonekana," nilisema.

Aliinua uso akaitazama faneli. "Bon," alisema. "Chota basi." Kisha akarudi barazani na kuwaambia shangazi kitu kwa lugha ya kwao, kifupi, na hakuna aliyenigusa. Lakini wawili kati yao hawakula tena nyumbani kwangu, na hadi leo hawajanisalimu tena.

Mvua ilipoisha nilimimina maji katika chupa ya kumi na tisa. Nikaandika daftarini: mioto mitano uani, moshi, watu wengi, upepo hafifu. Kisha nikarudi kwenye mkeka, nguo zikiwa bado zimelowa.

Mwaka uliofuata yule mwanamke wa barafu aliomba fundi mmoja aende kwake miezi mitatu kujifunza vipimo. Mkuu alinitaja. Mama mkwe alisema niende, yeye angelinda nyumba.

Huko Ulaya nilimkuta yule mwanamke wa barafu: alikuwa mrefu, nywele za mvi amezikata fupi, na kila mara alipoingia katika chumba cha baridi alisimama kwanza mlangoni akanihesabia nguo: kofia, soksi mbili, glavu mbili. Tulikwangua kigogo cha barafu kwa kisu safi, tukatupa ganda la nje lililoguswa na keekee, tukabakiza moyo wake tu. Barafu ile ilikuwa na viputo vya hewa ndani, na tulipoiweka kwenye chombo iyeyuke ilitoa mlio mdogo mdogo. Mwenzangu wa pale aliniambia wageni wote hufurahi wakiusikia. Nikasema ndiyo, inafurahisha.

Mashine ilinyonya maji kidogo, na baada ya muda kalamu ikachora mstari kwenye karatasi. Palipokuwa na asidi, mstari ulipanda na kushuka kama kilima. Vilima vya barafu vilikuwa vidogo sana. Tulirudia mara mbili, mara tatu, kuhakikisha si uchafu wetu. Vilima vya mvua yangu vilikuwa virefu. Asidi zote mbili zilikuwamo, karibu katika kila chupa. Yule mwanamke wa barafu alipendezwa. Alinipiga bega.

Tulipofika ile ya kumi na tisa, kalamu ilipanda mpaka ikatoka nje ya karatasi. Tukayazimua maji na kupima upya. Amonia nyingi, na potasi nyingi, ile ya majivu ya kuni. Akafungua daftari langu, akasoma kwa kidole.

"Siku hii kulikuwa na nini?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Matanga, nyumbani."

"Ya nani?"

"Ya bwana yangu."

Aliweka daftari chini. Alisema maneno ya pole, nikamshukuru. Mashine iliendelea kunguruma. Kisha, kwa upole, akaniuliza ninaonaje kuhusu chupa hii. Nilimwambia ukweli, kwamba iondolewe. Ilikuwa ikisema habari za ua wangu, si za msitu. Aliitikia kwa kichwa, akanipa rula. Nikapiga mstari juu ya ile namba katika jedwali. Maji yaliyobaki chupani niliyamwaga kwenye sinki, kama masalio mengine yote ya siku ile, nikaiosha chupa.

Niliporudi Kisangani mama mkwe alikuwa amehamia kabisa, na mkeka wake na vyungu vyake. Hakuniuliza tena habari za moshi, nami sikumwambia. Barua za Ulaya ziliendelea kwa muda, kisha zikapungua. Siku moja ilikuja makala iliyochapishwa, jina la mji wetu limo kwenye jedwali, na mwishoni shukrani kwa mkuu. Yeye alinikabidhi nakala yake, akasema ni yangu zaidi kuliko yake. Baadaye alipata kazi Lubumbashi akaondoka, friji ya mafuta ya taa tuliyohifadhia chupa ikaharibika, na kupima mvua kukaishia hapo. Mimi niliendelea kuosha vyombo vya wanafunzi.

Nyumbani tuliishi wawili, mimi na mama mkwe. Asubuhi yeye alikwenda kwenye maporomoko kwa ndugu zake, mimi maabarani. Jioni alipika lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, tukala sahani moja, tukiongea habari za samaki, za jirani, za salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Jina la marehemu halikutajwa mara nyingi, na lilipotajwa halikukatisha maongezi.

Sikumbuki ni mwaka gani, lakini ilikuwa jioni ya kawaida, mlango wazi, redio ya jirani ikiimba sifa za Chama. Nilitia tonge mdomoni, nikalitoa.

"Mama," nilisema, "chumvi imezidi."

Alinitazama sana. "Kila siku inazidi," alisema. "Miaka hii yote natia vile. Nilifikiri unapenda."

Nikamwambia sikuwa nimeonja kitu tangu matanga. Aliinuka, akaongeza maji katika mchuzi, akarudisha chungu motoni. Tulingoja kipate moto, halafu tukaendelea kula.