Kengele ya Apolena Ndani ya Simfoni

Shemeji yangu Apolena ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa letu pale Lipová, kama marehemu baba yake. Harusi, moto, maziko, sala ya jioni, mji mzima ulikwenda kwa mkono wake. Chumba alichoishi kilikuwa humohumo mnarani. Basi mwaka 1909 okestra yetu ikaletewa simfoni mpya, na jamani, mwishoni mtunzi ametaka kengele kubwa ya kweli! Nani mwingine kama si Apolena?

Padri Metoděj hakupenda hata kidogo. "Ukituaibisha, Apolena, ufunguo wa mnara nauchukua."

"Shemeji, mbona unatetemeka?" nilimtania.

"Tetemeka wewe na hilo tarumbeta lako! Ukikosea wewe, watu watacheka. Nikikosea mimi, nitalala wapi?"

Mpango ulikuwa mwepesi. Madirisha ya ukumbi, ng'ambo ya uwanja mkabala na mnara, yangeachwa wazi; kitambaa cheupe kikipepea dirishani apige mara nne, basi.

Jioni ile, lo! Fidla zilichachamaa, ngoma zikanguruma, nikapuliza mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Kitambaa kikapepea. Ngooo! Ikaangukia palepale! Nusura nipige kelele kwa furaha.

Lakini kwetu kengele ile ikilia jioni, habaki mtu kitini. Ukumbi mzima ukasimama, kofia mikononi, midomo ikisali. Wa kwanza kusimama alikuwa Padri Metoděj mwenyewe.

Apolena akawaona kupitia madirisha. Mapigo manne yakaisha, nasi tumefika noti ya mwisho. Sasa atawaachaje watu katikati ya sala? Akaendelea kupiga. Kiongozi wa okestra akatoa macho, ila mikono hakuishusha. "Shikilieni!" akanong'ona. Tukashikilia! Pumzi ikinikatika, mwenzangu anadaka. Fidla zinasugua, kengele inalia, watu wanasali, na mimi machozi yananitoka kama mjinga.

Makofi yalipokuwa bado yanavuma, Apolena akateremka, akavuka uwanja, akamnyooshea padri ufunguo mbele yetu sote.

"Nimezidisha, Baba. Niliona watu wanasali, nikashindwa kuacha."

Padri akautazama ule ufunguo, asiupokee.

"Ungeacha, ningeuchukua," akasema. "Mimi nilikuwa sijafika amina."