Kola Isiyolingana

Baba yangu ana rovu, uvimbe wa tezi upande wa kushoto wa shingo, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona amefunga kifungo cha juu. Kanisani kwetu Nkoaranga hukaa benchi la nyuma, kiganja shingoni, kama mtu anayewaza jambo. Harusi yangu ilipopangwa, alisema baba mdogo ndiye anisindikize madhabahuni, kwa kuwa yeye hana shati linalofungika shingoni. Nilikasirika, ila sikumkasirikia yeye. Nilizikasirikia kola za dunia nzima.

Nilizunguka maduka ya Arusha, nikapekua mitumba mpaka wauzaji wakanichoka. Shati lililomtosha shingoni lilimwagika mwilini kama kanzu. Mwishowe mama mmoja wa mitumba akanielekeza mtaa wa Daraja Mbili, kwa fundi mwanamke anayeshona kola kwa mkono. Nikambembeleza baba hadi akakubali kushuka mjini.

Ukutani kwa yule fundi zilining'inia kola tupu, bila mashati. Niliduwaa. Mshono wa ukingoni ulikuwa mdogo mno, huuoni mpaka uupapase kwa kidole.

"Shikamoo mzee," alisema fundi, akavuta pazia la mlangoni. "Nionyeshe shingo, baba yangu."

Baba alisita, kisha akaondoa mkono. Fundi akamzungushia kitambaa shingoni, akawa anakikata taratibu palepale.

"Meza mate. Haya, sasa cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu. Siku ya harusi si utacheka?"

Baba akacheka kwa aibu, halafu akacheka kweli, na fundi akaongeza nafasi kidogo upande wa kushoto.

Tulipofuata shati, kola ilikuwa imepinda. Upande mmoja mpana, mwingine mwembamba. Nikafungua mdomo nigombe, maana sijaumbiwa subira. Lakini baba alikuwa keshalivaa, anafunga vifungo kimoja kimoja, hadi cha juu. Pembe mbili za kola zikakaa sawasawa kabisa. Mlima Meru nimeuona maisha yangu yote, na haujawahi kuninyamazisha namna ile. Macho yalinijaa machozi. Baba alijitazama kwenye kioo, akauliza kama tai zinauzwa karibu.

Siku ya harusi nilimkuta ananisubiri mlangoni mwa kanisa. Nilimpa mkono mmoja, kama nilivyozoea, maana wake mmoja hukaa shingoni. Akaupokea kwa mikono yake yote miwili.