Mikono ya Masoni Kwenye Besiboli

Kwanza niseme wazi: mimi besiboli niliidharau kabla hata sijajua jina lake. Mwanangu, ambaye yuko Amerika na familia yake tangu walipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania, alinitumia video ya mjukuu wangu akicheza. Nikaketi barazani hapa Baraka, Kongo, miwani puani, nikaangalia. Watu wamesimama kwenye majani. Wamesimama tu! Mmoja anatafuna kitu, mwingine anajikuna, kama watu wanaongoja karatasi zao zipigwe muhuri kwenye biro ya serikali. Nikasubiri mchezo uanze. Video ikaisha.

Nikampigia simu mwanangu. "Ule mupira ulianza saa ngapi?"

"Baba, ulikuwa umeshaanza."

"We! Usinichezee."

Mjukuu mwenyewe ni msichana wa miaka kumi, kazaliwa huko huko. Amepewa jina la mke wangu, jina zima, ndiyo maana mke wangu hamwiti mjukuu. Anamwita ndoyi, kama tunavyoitana huku watu wa jina moja. Lakini huyo ndoyi tulikuwa hatujawahi kumshika mkono. Kwenye simu alikuwa anasema "Shikamoo babu", salamu ya Tanzania waliyomfundisha wazazi wake, mimi naitikia, halafu anakimbia. Maneno yetu yalikuwa yanaishia pale. Iliniuma, sitaficha. Mtu una mjukuu, halafu unachokijua ni kisogo chake.

Basi Jumamosi moja akaja kwenye simu mwenyewe, bila kusukumwa, macho mekundu.

"Babu, mi naangusha," akasema.

Baba yake ndiye aliyetufafanulia. Kila mpira ukimfikia, unamtoka. Kocha amemkalisha kwenye benchi. Zimebaki mechi tatu, na asipojifunza kudaka, atakaa pale mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ameshasema anaacha, na viatu amevitupa chini ya kitanda.

Mke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliposikia, akaacha majani yote na kuninyang'anya simu.

"Nani iko kwenye benchi? Jina yangu? Jina yangu haikalake kwenye benchi, mi nakatala!"

Nikaomba nitumiwe video ya huko kuanguka kwa mpira. Safari hii niliangalia vizuri, nikarudia mara nne, na kosa nikaliona. Mtoto alikuwa anageuza uso na kuusukumia mpira mkono uliokakamaa kama ubao. Alikuwa anapigana nao. Nikapiga paja langu. Kumbe huu ni mchezo wa kupokea! Sasa mbona hakuna aliyeniambia?

Maana mimi ni masoni, fundi wa kujenga. Nimejenga shule kule Fizi milimani, na kule Ubwari nimejenga kanisa ambalo matofali yake yote yalivushwa ziwani kwa mtumbwi. Na kazi yetu ni hiyo: msaidizi yuko chini anarusha tofali, wewe uko juu kwenye miti ya jukwaa unalidaka kwa mikono mitupu, unaliweka, unadaka lingine. Tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ukilikakamalia tofali, litakuvunja vidole. Nikamwambia mwanangu kesho baada ya kanisa amweke mtoto mbele ya simu.

Kesho yake tukaegemeza simu kwenye bidoni la maji. Nikaweka ngazi kwenye ukuta wa jiko, nikapanda. Miaka mingi sikuwa nimepanda ngazi, na magoti yalinikumbusha. Mke wangu akabaki chini na rundo la matofali.

"Muzee, ukianguka, mi siko!"

"Tupa!"

"Utavunja kiuno, nakuambia!"

"Tupa, mama!"

Akalitupa kwa hasira, na hasira yake inatupa vizuri. Nikalidaka. "Umeona?" nikaiambia simu. "Tofali ikikuja, usipigane nayo. Uiangalie mupaka mwisho. Mikono inarudi nyuma kidogo pamoja nayo, kama vile unapokea mutoto muchanga mwenye kulala."

Huko Amerika walicheka wote mpaka mwanangu akaanguka kutoka kwenye kiti. Mtoto tu ndiye hakucheka. Alisogeza uso karibu na simu.

"Tena, babu."

Lilikuwa jambo la kwanza kuniomba maishani mwake. Mke wangu alitupa matofali kumi na moja, na mimi sikuhisi magoti tena.

Nikamfundisha na neno letu. Ukishadaka, unapiga kelele "Tuma!" ili aliye chini ajue mikono yako iko tayari kwa lingine. "Lakini usiseme tuma mbele tofali haijatulia mu mikono," nikamwonya. "Ukisema mapema, ya pili inakuja, unapoteza zote mbili." Siku ya kwanza ya mazoezi na baba yake alisema mapema, mpira ukamgonga kidevu. Tangu hapo hakurudia.

Tuligombana na mwanangu juu ya ile glavu ya ngozi. Nilitaka mtoto aanze bila hiyo, mkono usikie kitu.

"Baba, ule mupira ni mugumu kama jiwe!"

"Na tofali ni mukate?"

Tukakubaliana aanze na soksi zilizoviringishwa, halafu mpira wenyewe na glavu. Kila jioni yangu, asubuhi yao kabla ya shule, alinipigia. Siku nyingine hatukuzungumza besiboli kabisa. Aliniuliza kama ziwa letu lina mamba, kama nyanya yake alikuwa mrembo. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba alikuwa mrembo na mkali, na ukali umebaki wote. Mke wangu akasikia. Sikupewa chai siku hiyo.

Na mimi nikaharibika. Nilianza kutafuta mechi za watu nisiowajua na kumaliza mega zote za simu. Nikawaeleza wazee wenzangu sokoni kwamba wale wanaosimama kwenye majani hawakusimama bure, wanangoja tofali. Nikamtukana mwamuzi mmoja mpaka kahawa ikamwagika. Mke wangu akasema nimerogwa, lakini na yeye alikuwa anachungulia begani mwangu.

Mechi mbili zikapita, mtoto bado benchi. Ya tatu, ya mwisho, ilichezwa Jumamosi asubuhi kwao, huku kwetu ni jioni, jua likiwa bado juu ya milima. Rezo ya simu ilikuwa nzuri. Mwanangu alikuwa anatuonyesha kwa simu, na karibu na mwisho kocha akamwita mtoto aingie. Akawekwa mbali kabisa, kwenye majani, mdogo mno. Mke wangu akanishika mkono kwa kucha zake.

Mpira ukapigwa. Ukapanda juu, juu sana, ukaanza kushuka upande wake. Nikamwona anarudi nyuma hatua mbili, uso juu, na mwanangu, yule mjinga niliyemzaa mwenyewe, akaruka na simu ikashuka. Nikaona viatu. Nikaona majani.

"Inua simu! Inua simu, weye!"

"Ameshika?" mke wangu ananitikisa. "Ameshika?"

"Naona viatu!"

Watu huko walikuwa wanapiga makelele kwa Kiingereza, na mimi furaha yao na huzuni yao siwezi kuzitofautisha. Ndipo kutoka mbali, nyuma ya makelele yote, nikasikia sauti nyembamba:

"Tuma! Tuma ingine!"

Nikaweka simu chini. Machozi yakanitoka, mzee mzima.

"Mbona unalia?" mke wangu akasema. "Ameangusha?"

"Ameshika."

"Umeona wapi, na ni viatu tu?"

"Sikuona. Amesema tuma."

Akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amezaa.