Kapasita ya Njano Siku ya Kujitambulisha Mabira

Niseme tu, maana jambo hili mmeshalisikia kwa wengine wakiongeza chumvi. Kuna siku moja ambayo nikiikumbuka nikiwa natembea peke yangu najikuta nimefunika uso kwa mkono, na watu wa hapa Nyakahanga wanaonijua kama fundi wao wa redio na simu wanadhani vumbi limeniingia machoni. Si vumbi. Ni ile siku niliyolipua spika ya baba mkwe, nyumbani kwake, kabla hata hajakubali kuwa baba mkwe wangu.

Tulikuwa tumeenda Mabira kwa kina Kemilembe kujitambulisha. Sasa mnajua wenyewe, kijana anayeenda kuchumbia hana kazi yoyote siku hiyo zaidi ya kukaa na kuonekana mpole. Anayesema ni mshenga, na mshenga wangu alikuwa baba mdogo Rwegasira, mtu ambaye akianza kusifia ukoo wetu hata mimi natamani kuolewa humo. Wewe unatazama vidole vyako vya miguu na kungoja kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Kikija na ukapewa, mmepokelewa. Kisipokuja, mtaulizwa habari za mvua, mtapewa maji, mtarudi kwenu. Na mimi nilikitaka kile kijikapu kuliko kitu chochote duniani, maana Kemilembe alikuwa ameniambia wazi kwamba baba yake, Mzee Katunzi, haamini kama kufungua redio za watu ni kazi ya kulisha mke, na yeye bila ridhaa ya baba yake hatoki pale.

Mzee alikuwa na spika, ile kubwa ya magurudumu, ambayo kwaya ya mtaa wao huiazima. Akaiwasha ili mwinjilisti atufungulie kwa sala, ikakoroma kidogo ikazima. Mzee akasema, "Imeanza juzi ujinga huu. Basi, tusali kwa mdomo."

Mambo yangeishia hapo. Sala ya mdomo inafika vizuri tu. Lakini mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kumwonyesha mzee kazi yangu ni nini, nikasimama, nikasema, "Baba, shikamoo, hiyo naiweza." (Shikamoo nilikuwa nimeshampa nilipoingia, hiyo ya pili ilitoka yenyewe kwa woga.) Baba mdogo akanivuta koti na kuniambia kwa Kinyambo, bila kufungua meno, nikae chini. Sikukaa.

"Unaiweza sasa hivi?" mzee akauliza.

"Dakika chache tu, baba."

Vifaa vilikuwa kwenye begi chini ya zawadi (msiniulize ni mtu gani anabeba kifaa cha kulehemu kwenda kuchumbia, ndiye huyu mnayemtazama). Nikafungua, na mgonjwa nikamwona papo hapo. Ilikuwa kapasita ndogo ya bati, kijikopo cha kuhifadhi umeme, zile zinazolala juu ya bodi bila miguu kupenya upande wa pili, kichwa kimevimba na maji yamevuja chini yake. Fundi mwenye akili angeibadilisha kimyakimya. Mimi nikaanza kufundisha, na hakuna aliyeniomba.

"Wazee wangu, tazameni, juu imeandikwa 100, chini 16V. Hizo ni maikrofaradi mia, na umeme usizidi volti kumi na sita. Huu upande uliopakwa weusi ndio hasi."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikamwona Kemilembe mlangoni anatabasamu, na hapo ndipo nilipoharibika kabisa.

Ya kufanana nayo sikuwa nayo. Nilikuwa na bodi moja mbovu yenye kapasita ya aina nyingine, kijiboksi cha njano chenye mkanda upande mmoja, kimeandikwa 107 na 16. Nikawaeleza na hiyo, kwamba unachukua kumi, unaifuatisha na sifuri saba, unahesabu kwa pikofaradi, na unapata mia ile ile. Na ni kweli kabisa, hesabu sikukosea. Nikaing'oa, nikauweka mkanda wake pale pale ulipokuwa weusi wa ile ya zamani, nikalehemu, nikaacha spika wazi ili kila mtu aone.

Sasa jambo ambalo nalijua tangu najifunza kazi, na ambalo nililisahau siku ile tu, ni kwamba kwenye ile ya bati alama ni ya hasi, lakini kwenye hizi za njano mkanda ni wa chanya.

Spika ikawaka. Mwinjilisti akashika maikrofoni, watu wakainamisha vichwa, mama Kemilembe akawa anatoka ndani na kijikapu mkononi. "Baba yetu," akaanza mwinjilisti, na kitu kikapasuka kama bunduki, cheche zikaruka, moshi ukajaa sebule. Wazee wa heshima wakakimbilia kwenye migomba. Mwinjilisti aliondoka na maikrofoni, waya ukabaki. Kijikapu kilianguka, kahawa yote ikatawanyika sakafuni.

"Amina," mtu akasema kutoka migombani.

Nikapiga magoti nikaanza kuokota kahawa. Nililia kidogo, nikasingizia moshi, kwa sababu niliona Kemilembe ndiyo basi tena. Mzee Katunzi akarudi na majani makavu ya mgomba mabegani, akaitazama spika, akanitazama mimi.

Baba mdogo akawahi, "Mzee, umeme wa siku hizi huu—"

"Nimemuuliza yeye," mzee akasema, ingawa hakuwa ameuliza kitu bado. "Wewe. Ulisema weusi ni hasi. Na huo mkanda wa njano?"

"Ni chanya, baba. Nimeiweka kinyume. Spika yako haina kosa, wala umeme. Kosa ni langu."

Akajipangusa jani moja begani. "Kila fundi aliyewahi kuniharibia kitu," akasema, "aliniambia umeme ulizidi." Halafu yule mzee akachuchumaa karibu yangu, akaokota punje moja ya kahawa, akaipuliza vumbi, akaniwekea kiganjani. "Tafuna. Na spika unaondoka nayo. Binti hatoki hapa mpaka irudi ikiwa nzima."

Nilimshukuru Mungu njia nzima, nimeipakata spika kwenye bodaboda. Nikaweka kapasita ya bati inayostahili, nikaitazama alama yake mpaka macho yakaniuma, nikairudisha. Ndiyo iliyopiga kwenye harusi yetu, ingawa mwinjilisti aliongea akiwa amesimama mbali nayo.

Nimeapa kutorekebisha kitu chochote ukweni. Ila hadi leo tukienda Mabira, kijikapu kikipita, mzee huchagua punje moja, huipuliza vumbi lisilokuwepo, huniwekea kiganjani mbele ya wageni wote. Wao hucheka. Mimi naipokea kwa mikono miwili, natafuna, na nimekaa chini.