Mtafiti, Mandazi na Kompyuta ya Bosi

Bosi wetu aliponunua kompyuta, tuliokuwa tukimpigia chapa barua zake tulikuwa wawili: mimi, na mama mmoja wa Nyamirambo aliyenifundisha kazi na kuniombea nafasi pale. Ofisi ilikuwa Kimisagara, juu ya ghala la mabati. Kompyuta ilipewa chumba chake, pazia, na kitambaa cha kufuma cha kuifunika. Kuingia ni lazima uvue viatu. Bosi mwenyewe aliingia na soksi, akakaa kuitazama ikiwa imezimwa.

Jambo ambalo hakulifikiria ni desturi ya makarani wa maofisi ya serikali mji ule. Karani akipokea barua, kabla ya kuisoma anaigeuza na kupapasa mgongo wake kwa kidole. Akikuta herufi zimechimba karatasi, barua ni ya kweli. Za kompyuta zilikuwa laini, zikarudishwa zote. Basi tukajipangia utaratibu: mimi naiandika barua kwenye kompyuta na kuitoa kwenye printa, mama anaipiga upya kwa mashine ya chapa, ndipo inatoka. Bosi aliita hayo maendeleo.

Kisha akaja mtafiti kutoka Ulaya, kijana mpole mwenye madaftari matatu, anayechunguza jinsi watu wa maofisini wanavyoizoea teknolojia mpya. Bosi alivaa tai kwa ajili yake. Halafu akatuita pembeni.

"Huyu akimaliza ripoti yake, nabaki na sekretere mumoja tu. Ule ataona iko anajua hii mashini."

Nilijua atakayeondoka ni nani. Mama alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na hakuwahi kubonyeza kitufe hata kimoja cha kompyuta. Kifaransa alikipiga chapa miaka kumi na miwili bila kosa, akinakili herufi kwa herufi, lakini hakujua kukisema, na mtafiti alisema hicho tu. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, nikaamua kumwokoa: tukisifiwa sote wawili, bosi atashindwa kuchagua.

"Mwulize anaionaje kompyuta," akasema mtafiti.

"Iko na joto mingi," mama akajibu. "Asubuhi mimi naweka mandazi huko juu, inakaa ya moto mpaka saa ine."

Nikatafsiri: ameiingiza katika maisha yake ya kila siku. Mtafiti akaandika nusu ukurasa.

"Alijifunza vipi kuitumia?"

"Mwambie mimi nakaa mbali na vitufe vyake. Hii kitu ya bosi, ikiharibika nitasema nini?"

Nikasema anaitunza kwa uangalifu mkubwa.

"Na kazi yake imebadilika?"

"Imekuwa mara mbili, mwanangu. Wewe si unaona?"

Hilo nililitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Mtafiti alisimama akampa mkono. Kazi maradufu, kwa mtu wa umri ule! Mama akacheka naye kwa adabu, asijue anachekea nini.

Zamu yangu haikuhitaji mkalimani, na hapo nilijiona msomi. Nilimweleza ukweli wote: macho yanauma, umeme ukikatika barua inapotea, na makarani hawazitaki barua zake. Nilidhani atanisifu kwa kuijua mashine ndani na nje. Akaandika mstari mmoja tu.

Ripoti ilipofika, bosi aliisoma kwa sauti, amesimama. Mama alikuwa mfano wa kuigwa. Mimi nilionyesha dalili za kuikataa teknolojia, jambo la kushangaza kwa kijana. Nilipewa hadi mwisho wa mwezi. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, nikamlaani mtafiti, bosi, na ulimi wangu mwenyewe. Mama sikumlaani. Nilijaribu, nikashindwa.

Wiki ya mwisho nilimfundisha kuiwasha. Zaidi ya hapo hakutaka.

Miezi michache baadaye nilipita pale kusalimia, bado sina kazi. Nikavua viatu. Mashine ya chapa ilikuwa imehamishiwa chumba cha kompyuta, na mama alikuwa akiipiga kwa kasi, rasimu za bosi ziko kando yake. Kompyuta ilikuwa inawaka, kwenye kioo hakuna hata neno. Aliponiona aliinuka, akanikumbatia. Kisha akapenyeza mkono chini ya kitambaa cha kufuma, akanitolea andazi.

Lilikuwa la moto bado.