Jumapili Tuliyotumwa Kuchuma

Nitaandika kama ninavyojua, maana shule niliishia darasa la tatu, na sitamficha mtu. Aliyetutuma shambani ile Jumapili ni nyapara. Aliyetupeleka benchi la nyuma kwa sababu ya Jumapili hiyo ni nyapara huyo huyo, sasa amevaa koti la mzee wa kanisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mchumaji kwenye shamba kubwa la chai nje ya Kericho, nimetoka kwetu Kisii na mtoto mmoja wa kike mgongoni. Mvua ilinyesha vizuri, majani yakawa yanakua upesi kuliko mikono yetu. Jumamosi nyapara alipita kambini mlango kwa mlango, akisema asiyeingia shambani kesho asirudi Jumatatu. Tukaingia. Yeye alisimama barabarani na fimbo yake akituonyesha mistari, na saa nne akaenda zake kanisani.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa walikaa. Sisi tuliofanya kazi siku ya Bwana tulitengwa na meza ya Bwana, tukaketishwa nyuma, karibu na mlango, mpaka tusimame mbele ya watu tutubu. Nyapara hakuguswa. Walisema hakuchuma hata jani moja, na kweli hakuchuma.

Wengi walitubu upesi. Mimi nilikataa. Tulibaki wawili kwenye lile benchi, mimi na mama mmoja Mkipsigis wa kutoka Sigor, ambaye kambi nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya. Mimi nilikataa kwa hasira, yeye alikataa akicheka.

Halafu surua ikaingia kambini. Mtoto wangu alishikwa Jumatatu. Dawa ya zahanati ilishusha joto, likapanda tena. Siku ya tatu hafungui macho, na mimi siwezi kukaa wala kusimama. Natoka, naingia, naenda bombani bila ndoo. Nilitaka kitu kimoja tu, mtu wa kanisa aje amwekee mtoto mkono, aombe. Nilimfuata nyapara kwenye mizani ya majani, mbele ya watu wote.

"Mama, wewe uko nyuma," akaniambia, macho kwenye mizani. "Tubu Jumapili, na sisi tutakuja Jumapili."

"Na mtoto atangoja Jumapili?"

Akaita mwingine alete kikapu.

Kogo alikuwa kwenye foleni. Aliacha majani yake pale pale, hayajapimwa, tukaenda. Hakujua kusoma, Biblia hakuwa nayo. Alimpakata mtoto kwa mikono iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa chai, akaomba kwa Kikipsigis. Sikuelewa maneno, nilisikia tu jina la mtoto wangu likirudi na kurudi. Hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Nilimwuliza kama Mungu anasikia watu waliotengwa.

"Sisi tuko karibu na mlango," akasema. "Akija, atatukuta wa kwanza."

Nilicheka, na mtoto anakufa. Alikufa Ijumaa asubuhi.

Faraja niliyopata ni hiyo tu. Haikunituliza. Tangu siku hizo, nikisikia nyumba fulani ina mgonjwa au msiba, miguu haikai. Naenda bila kuitwa, nakaa karibu na mlango. Nimefika mpaka Chepilat, mpaka Fort Ternan.

Mwaka jana nyapara alifiwa na mke. Amestaafu, ana chai yake na ng'ombe wake. Nilienda, njia nzima nikigombana naye kichwani. Mhubiri alikuwa hajafika. Mzee alikuwa peke yake ndani, akanitambua.

"Mama, niombee."

Nilimwambia nitaomba, lakini kwanza aseme nani alitutuma ile Jumapili. Akasema msimamizi wa shamba ndiye aliyemwamuru. Nikamwuliza, na pale kwenye mizani, alikuwa msimamizi pia?

"Pale nilikuwa mimi," akasema.

Nikamwekea mkono kichwani, nikaomba. Sitadanganya kwamba ilikuwa kwa upendo. Nilitaja jina la mke wake, nikalirudia, nikalirudia tena, vile Kogo alivyofanya. Nilipomaliza nikarudi mlangoni, naye akanivutia kiti karibu naye.

Nikamwambia hapa mlangoni panatosha.